Salamu Kwanza, Shida Baadaye

Anayefika Itaka, wilayani Mbozi, akaanza kueleza shida yake kabla ya kusalimia, atasikilizwa, ila kwa shingo upande. Katika vijiji hivyo vya kahawa, mahindi na maharage, mtu huulizwa kwanza ameamkaje, watoto hawajambo, na mvua huko atokako imenyesha. Kisha husogezewa kigoda, na chakula kikiwapo hunawishwa mikono. Wapo wanaosema huko ni kupoteza muda. Naamini muda huo ndio unaojenga imani kati ya watu. Kwa maswali hayo mapole mwenyeji humfahamu mgeni, na mgeni hujieleza bila kuhojiwa kama mtuhumiwa. Tazama Wanyamwanga: mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, na mpaka wao ukawaacha ndugu hao wengine upande wa Tunduma, Tanzania, wengine upande wa Nakonde, Zambia. Serikali zimebadilika pande zote mbili, lakini watu hawakuacha kutembeleana, kuozana na kuzikana.

Pingamizi zito linatoka Tunduma kwenyewe. Mji wa foleni za malori yaendayo Zambia na Kongo hupitiwa na watu wa kila namna, wakiwamo matapeli wenye maneno matamu; je, ukarimu si mlango wa kuibiwa? Hawaii, ambako salamu ya aloha hubeba upendo na ukaribisho pamoja, walionja uchungu huo. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa na wafanyabiashara na wenye mashamba, wengi wao wageni na watoto wa wageni, huku askari wa Marekani wakiwa wameshuka pwani. Hata hivyo Wahawaii hawakuitupa aloha, na mwaka 1986 ikaandikwa katika sheria ya jimbo kuwa mwongozo kwa viongozi na majaji. Kilichowaumiza ni tamaa ya wageni wale, wala si salamu ya wenyeji. Wazee wetu nao hawakukaribisha wakiwa wamefumba macho: mgeni siku mbili, siku ya tatu alipewa jembe.

Wengine husema shikamoo humdhalilisha mdogo. Ingekuwa kweli kama ingeishia hapo. Lakini anayeitikia marahaba anabeba deni la kumjulia hali aliyemwamkia, kumsikiliza na kumlisha akiwa na njaa. Mkubwa anayepokea heshima asitoe chochote ndiye anayeiharibu, na huyo astahili kuambiwa. Na kwa wanaohofia kupoteza muda: tangu 2019 mpaka wa Tunduma na Nakonde una kituo cha huduma kwa pamoja, na msafiri hukaguliwa upande mmoja tu. Muda umeokolewa, basi nafasi ya kumsalimia ipo. Nawaomba mnaokaa madirishani, mpakani hapo na katika ofisi za wilaya pale Vwawa: mjulieni hali aliye mbele yenu kabla ya kumdai karatasi.