Maana ya Pasaka (2): Kwa nini Wamoravian huamkia makaburini

Alfajiri ya Jumapili ya Pasaka, kabla jua halijachomoza, waumini wa Kanisa la Moravian katika sehemu mbalimbali za Tanzania huwa wamekwisha kukusanyika makaburini. Matarumbeta hupigwa, nyimbo huimbwa katikati ya makaburi ya wazazi, watoto na majirani. Mchungaji hutangaza kwa sauti kuu kwamba Bwana amefufuka, na watu hujibu kwamba amefufuka kweli kweli.

Makala iliyopita ilizungumzia msalaba wa Ijumaa Kuu. Leo tunaendelea na kaburi, kwa sababu Pasaka haieleweki kwa mtu anayeliruka.

Desturi hii ilianzia Herrnhut, katika jimbo la Saxony, Ujerumani, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa dini kutoka Moravia katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732, vijana wa kiume ambao walikuwa hawajaoa walipanda kilima cha Hutberg, walikozikwa wenzao, wakaimba habari za ufufuo. Mwezi Agosti mwaka huohuo Leonhard Dober na David Nitschmann waliondoka kijijini hapo kwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibea, kuwahubiria watumwa. Mwaka 1891 wamisionari wengine wa kanisa hilo, Theodor Meyer na wenzake, walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Hivi sasa hakuna nchi duniani yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania.

Vijana wale wa Herrnhut walifuata nyayo za wanawake. Injili ya Marko inawataja Maria Magdalena, Maria mama yake Yakobo, na Salome, wakienda kaburini mapema asubuhi wakiwa na manukato ya kumpaka marehemu. Njiani waliulizana ni nani atakayewaviringishia lile jiwe. Swali hilo linastahili kutafakariwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetarajia muujiza. Walikuwa wafiwa waliokwenda kumhudumia mpendwa wao kwa mara ya mwisho, na shida iliyokuwa mbele yao ilikuwa uzito wa jiwe. Habari ya Pasaka iliwakuta hapo hapo, msibani. Haikuwasubiri wafute machozi kwanza.

Kwa hiyo anayedhani kwamba Pasaka inamkataza Mkristo kulia anaikosea, na wapo wahubiri wanaowakemea wafiwa kana kwamba machozi ni upungufu wa imani. Hilo ni kosa zito.

Mtume Paulo aliligusa suala hili miaka kama 20 hivi baada ya Yesu kusulubiwa, alipowaandikia Wakristo wa Korintho. Baadhi yao walikana kabisa kwamba wafu watafufuliwa. Paulo hakuwafariji kwa kusema kwamba roho za marehemu zinaendelea kuishi mahali fulani. Aliwaambia kwamba Kristo amefufuka akiwa malimbuko ya waliolala. Katika Israeli, mganda wa kwanza wa mavuno ulipelekwa kwa kuhani kabla ya watu kula mazao mapya. Mganda huo ulitoka katika shamba lilelile ambalo lilikuwa bado halijavunwa. Ndivyo Paulo alivyoliona kaburi la Yesu na makaburi yetu: shamba ni moja, na mavuno yake yamekwisha kuanza. Hapo ndipo penye kiini cha Pasaka. Anachokingojea Mkristo ni kufufuliwa, mwili pia, wala si kumbukumbu njema tu ya aliyeondoka.

Wamoravian walijaribu kuliandika fundisho hili juu ya ardhi. Katika makaburi yao ya zamani mawe hulazwa chini, yote ya umbo moja, ya tajiri na ya maskini. Waliofariki huzikwa kufuata makundi ya kanisa, kama vile wanaume waliooa au wanawake wasioolewa, badala ya kufuata koo. Huko Salem, North Carolina, Marekani, ambako ibada ya alfajiri ilianza mwaka 1772, Wamoravian weusi hapo mwanzo walizikwa pamoja na weupe. Mwaka 1816 walitengewa eneo lao la kuzikia, na mwaka 1822 wakatengewa ushirika wao. Watu walioimba kila mwaka kwamba wafu wote watafufuliwa pamoja walikataa kulala kaburini kando ya wenzao. Ufufuo ulitangazwa kwa midomo ukakanushwa kwa majembe, na jambo hilo linauma hadi leo.

Hata hivyo liturujia yenyewe ilibaki. Ndani yake mna sala inayowataja waliofariki tangu Pasaka iliyopita, ikiomba ushirika wa walio hai na hao waliotangulia usikatike kamwe. Mjane wa mwaka huu huisikia sala hiyo akiwa amesimama kando ya udongo ambao bado haujaota majani.

Wiki ijayo tutaangalia Injili ya Yohana, ambamo Tomaso anaonyeshwa mikono yenye makovu, na kwa nini mwili wa Yesu mfufuka uliendelea kuwa na alama za misumari.