Fizi Zinaporudi Nyuma: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Upasuaji

Wapo wakazi wa kata zetu, kuanzia Dunda na Magomeni hadi Kerege na Mapinga, ambao wakijitazama kwenye kioo huona jino moja limekuwa refu kuliko mengine, na wakinywa maji baridi hupata ganzi kali. Jino hilo halijarefuka. Ufizi ndio uliorudi nyuma ukauacha mzizi wazi.

Sababu kubwa ni mbili. Ukoga usioondolewa hugeuka ugaga, huvimbisha fizi na hatimaye hula mfupa unaolishika jino. Sababu ya pili huwashangaza wengi, nayo ni usafi uliopita kiasi. Anayepiga mswaki mgumu kwa nguvu, kulia na kushoto kama anayesugua sufuria, huuchubua ufizi wake siku hata siku. Tumbaku huzidisha madhara.

Ufizi uliopotea hauoti tena wenyewe. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu, lakini hayaurejeshi, wala unga wa mkaa hauurejeshi. Hata hivyo, si kila mgonjwa anahitaji kupasuliwa. Wengi hutosheka kwa kuondolewa ugaga, kubadili mswaki na kutumia dawa ya meno yenye floraidi.

Pale upasuaji unapohitajika, njia iliyozoeleka ni kukata kipande cha nyama chini ya ngozi ya kaakaa na kukipandikiza juu ya mzizi, kisha ufizi huvutwa na kushonwa juu yake. Matokeo yake ni mazuri, ila mgonjwa hubaki na vidonda viwili, na kile cha kaakaa ndicho kinachouma zaidi wakati wa kula. Kwa ajili hiyo wataalamu wametengeneza vibadala. Vipo vitambaa vya kolajeni, ambavyo aghalabu hutokana na nguruwe, na vipo vinavyotokana na ngozi ya binadamu aliyeitoa kwa hiari. Ipo pia jeli ya protini zinazochochea ukuaji, ambayo hupatikana kwenye vijino vichanga vya nguruwe.

Katika mji kama wetu, jambo hilo si dogo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kitu atakachowekewa kimetoka wapi kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, na mwenye swali la kidini amwone mwanazuoni wake mapema, si siku ya upasuaji. Njia mbadala zipo. Mojawapo, iliyoanzia Ufaransa mwaka 2001, hutumia damu ya mgonjwa mwenyewe: huchotwa mkononi, huzungushwa kwenye mashine kwa dakika chache, na utando unaojitenga, wenye vichochezi vya ukuaji, huwekwa kwenye ufizi. Kwa kufunika mzizi, nyama ya kaakaa bado ndiyo inayoongoza. Vibadala huikaribia na hupunguza maumivu.

Swali jingine la kumwuliza daktari ni hali ya mfupa na ufizi ulio katikati ya meno. Ukiwa mzima, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ukiwa umeliwa, hakuna pandikizo litakalourudisha ufizi wote, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Mwenye dalili hizi aanzie kwa daktari wa kinywa na meno katika Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, ambaye atampima na, ikibidi, kumpa rufaa kwa bingwa wa fizi. Aende na mswaki anaoutumia, daktari auone.