Koki za chini ya boti: Brasi inayong'aa inavyoweza kuzamisha chombo

Boti ya matanga inaweza kuzama usiku ikiwa imetia nanga, bahari shwari, bila kugonga mwamba wowote. Mara nyingi kinachoiponza ni kipande cha metali kinachoenea kiganjani.

Boti ya kisasa ya faiba huwa na matundu chini ya maji: la kupoza injini, la choo, la sinki. Kila tundu lina bomba fupi lenye kofia kwa nje, na kwa ndani limefungwa koki. Bomba hilo likikatika, hakuna cha kuzuia bahari.

Hesabu yake inatisha. Tundu la milimita 38, likiwa sentimita 60 chini ya usawa wa maji, huingiza karibu lita 140 kwa dakika. Hizo ni ndoo 7 za lita 20 kila dakika. Pampu ndogo ya umeme haiwezi, na kufua maji kwa ndoo hakutafua dafu.

Brasi ina shida gani?

Madukani, koki nyingi za rangi ya njano ni za brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Za kawaida zina zinki karibu asilimia 40. Kwenye bomba la maji ya nyumbani hazina neno. Kwenye chumvi, zinki huliwa kidogo kidogo na kubaki shaba yenye vishimo kama sponji. Kwa macho kifaa bado kizima, lakini ukikikanyaga kinavunjika.

Dalili ipo. Brasi nzima ikikwaruzwa huwa ya njano. Ukiona wekundu wa waridi, muda wake umekwisha.

Na cheti peke yake hakitoshi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9093, toleo la 1994, kilihesabu metali kuwa inahimili kutu iwapo haitaonyesha kasoro ndani ya miaka 5. Boti hukaa baharini miongo.

Ununue ipi?

Bronzi ndiyo chaguo la wengi. Aina inayotumika sana ina shaba asilimia 85, na bati, risasi na zinki asilimia 5 kila moja. Ipo pia brasi maalumu isiyopoteza zinki kirahisi, na nailoni iliyotiwa nyuzinyuzi za kioo, ambayo haipati kutu kabisa. Plastiki ya kawaida ya mabomba ya nyumbani isitumike chini ya maji.

Kosa lingine ni kuchanganya vipande. Bomba la tundu lina nyuzi zilizonyooka, ila koki nyingi za mafundi bomba zina nyuzi zinazochongoka. Vikifungwa pamoja, vinashikana mizunguko michache tu halafu vinakwama. Afadhali kununua seti moja, koki yenye kitako kipana.

Wamarekani wana kipimo chao: koki ikishafungwa, ncha yake ya ndani ivumilie uzito wa kilo 227 kwa sekunde 30.

Kazi yenyewe

Boti ipandishwe nchi kavu. Wapo wanaoilaza mchangani wakati wa bamvua na kufanya kazi maji yakikupwa, ila saa hizo chache ni kidogo kwa gundi ya kuzibia, ambayo huchukua siku kadhaa kukauka.

1. Kofia ya zamani isagwe kwa nje kwa grainda, kisha bomba lisukumwe ndani.
2. Faiba ikaguliwe. Kama ndani yake kuna mbao au povu, kingo za tundu zizibwe kwa epoksi.
3. Kwa ndani kiwekwe kibao cha kukazia, cha faiba au mbao iliyopakwa epoksi.
4. Vipande vyote vijaribiwe kwanza bila gundi, na bomba likizidi urefu likatwe.
5. Gundi ipakwe kwa wingi, kisha vikazwe mpaka itoke pande zote. Visikazwe hadi gundi yote ikaisha.
6. Mpira ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Siku ya kushusha, boti ikaguliwe ikiwa bado kwenye mikanda ya winchi. Koki ikitoa hata tone, ipandishwe tena.

Baada ya hapo, koki zifunguliwe na kufungwa kila mwezi zisije zikaganda. Pembeni ya kila moja kifungwe kwa kamba kizibo cha mbao laini kinachoenea tundu hilo. Maji yakiingia usiku, hakuna muda wa kukitafuta.