KUIUNGANISHA KOMPYUTA NYEPESI NA SEVA ILIYO KATIKA MTANDAO MWINGINE

Mkulima afikishapo mazao yake ghalani hutazamia mambo matatu: mizani ya haki, stakabadhi sahihi, na hesabu ya deni la pembejeo isiyo na mashaka. Yote hayo hutegemea daftari. Pale ambapo daftari la chama limehamishiwa katika kompyuta, katibu asiyeweza kulifikia siku ya mauzo hana tofauti na katibu aliyepoteza ufunguo wa kabati. Kwa hiyo yafaa makatibu na wajumbe wa bodi waelewe jinsi kompyuta nyepesi inavyoifikia seva, hasa pale vyombo hivyo viwili visipokuwa katika mtandao mmoja.

Kompyuta nyepesi ni nini?

Ni kisanduku kidogo kinachounganishwa na kioo, kibodi na kipanya. Hesabu hazifanyiki wala hazihifadhiwi ndani yake; kazi yote hufanywa na seva, nacho huonyesha matokeo tu. Faida yake ni kwamba hutumia umeme kidogo, aghalabu wati 10 hadi 20, jambo lifaalo mahali panapotegemea nguvu ya jua. Tena, kikiibwa, daftari la chama haliibwi pamoja nacho. Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa: kisipoiona seva, hakina faida yoyote.

Mipaka ya mtandao

Ichukuliwe kwa mfano kwamba seva ipo ofisini Mpanda na kompyuta nyepesi ipo ghalani Usevya. Kila mashine ina anwani ya nambari nne. Seva ya Mpanda yaweza kuwa 192.168.10.5, na mashine ya Usevya 192.168.20.15. Nambari nyingine, iitwayo maski, huonyesha mpaka. Maski ya 255.255.255.0 ina maana kwamba nambari tatu za kwanza ni jina la mtaa, na ya mwisho ni nambari ya nyumba. Hivyo Mpanda na Usevya ni mitaa miwili, yaani sabuneti mbili, na kila moja ina nafasi ya mashine 254. Chombo kinachopeleka ujumbe kutoka mtaa mmoja hadi mwingine huitwa ruta, na anwani ya ruta ndani ya mtaa huitwa lango.

Mbiu haivuki mpaka

Mashine isiyo na anwani, inapowashwa, hupiga mbiu kuomba ipewe. Huduma inayoitikia mbiu hiyo na kugawa anwani hujulikana kwa herufi DHCP. Lakini mbiu husikika ndani ya mtaa wake tu, ruta haiivushi. Hii ndiyo sababu mashine iliyofanya kazi vizuri Mpanda yaweza kuonekana mbovu ikifikishwa Usevya, hali haina ubovu wowote.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuandika kwa mkono ndani ya mashine mambo manne: anwani yake, maski, lango la mtaa wake, na anwani ya seva. Njia hii yafaa chama chenye mashine mbili au tatu. Ya pili ni kuiagiza ruta ya Usevya iwe wakala: isikie mbiu, kisha iipeleke kama barua moja kwa moja kwenye huduma ya Mpanda. Hapo huduma ya Mpanda haina budi kuwekewa fungu la anwani za Usevya, pamoja na lango la Usevya na si la Mpanda. Mashine zinazopakua programu zake kutoka mtandaoni huhitaji pia kuambiwa anwani ya seva yenye programu hizo na jina la faili la kuanzia.

Makosa matatu ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kusahau njia ya kurudi. Ujumbe hufika kwenye seva, lakini seva haijui njia ya kuelekea 192.168.20, na jibu hupotea. Seva nayo ni lazima iwe na lango lililo sahihi.

Kosa la pili ni vituo viwili kutumia anwani za namna moja. Ruta nyingi hutoka dukani zikiwa na 192.168.1. Vyama viwili vikiziacha hivyo, ruta haitajua ni mtaa upi unaotajwa. Chama kikuu na kiwe na orodha moja, na kila chama cha msingi kipewe fungu lake.

Kosa la tatu ni kuufungua mlango wa seva kwa dunia nzima. Seva za Windows hupokea kompyuta nyepesi katika mlango nambari 3389. Mlango huo usiachwe wazi kwenye intaneti; ujumbe upitishwe katika njia ya faragha iliyofungwa kwa siri, ijulikanayo kama VPN.

Jinsi ya kuitafuta hitilafu

Katibu ajaribu kwa utaratibu, akitumia amri ya ping. Kwanza aliite lango la Usevya: likikaa kimya, kasoro ni waya, maski au anwani ya hapo hapo. Pili aiite seva kwa anwani: ikikaa kimya, zichunguzwe ruta, njia ya kurudi na ulinzi wa seva, kwani baadhi ya seva zimeagizwa zisijibu wito huo. Tatu aiite kwa jina: ikishindwa hapo tu, kasoro ni huduma ya majina. Yote yakijibu na kazi isifunguke, mlango wa seva umefungwa.

Tahadhari

Mawasiliano yakikatika, kwa kawaida kazi iliyofunguliwa hubaki katika seva, na katibu huendelea alipoishia yakirudi. Hata hivyo mkulima hawezi kusubiri ghalani siku nzima. Mahali penye mawasiliano dhaifu, afadhali seva ndogo iwekwe papo hapo chamani. Na popote pale, kitabu cha stakabadhi za karatasi kiwepo mezani, kisha maandishi yake yaingizwe katika seva siku hiyo hiyo mawasiliano yakirejea, mbele ya mjumbe mmoja wa bodi.