Sikukuu ya Kuzaliwa Mtoto: Je, Tumehesabu Gharama?

Masomo: Luka 14:12-14 na 28-30; Marko 6:21-28; 1 Samweli 2:18-21

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo, lisilofaa kuletwa redioni. Ni sherehe ya siku ya kuzaliwa kwa mtoto, au bathdei kama wengi wetu tunavyoiita. Lakini sisi tunaomtumikia Bwana katika mitaa ya Kibera na Kawangware, hapa Nairobi, tumejifunza kwamba si jambo dogo.

Tulialikwa na mama mmoja katika ploti moja ya Kawangware. Mtoto wake alikuwa anatimiza miaka mitano. Tulikwenda, tukapewa kiti kizuri, tukabariki keki, tukapigwa picha tukishika kisu pamoja na mtoto. Tulikula pilau, tukanywa soda, tukaenda zetu kwa furaha. Majuma matatu baadaye tulipita kumjulia hali. Tulimkuta ameketi nje juu ya debe, vyombo vyake viko ndani, na mlangoni kuna kufuli ya mwenye nyumba. Tulipomwuliza kulikoni, alinyamaza. Mtoto ndiye aliyejibu: "Pasta, pesa za nyumba zilinunua keki yangu."

Ndugu zangu, hatukuwa na neno. Keki ile tuliibariki sisi wenyewe.

Basi na tuketi chini tuhesabu, kama Bwana alivyofundisha katika Luka 14 juu ya mtu atakaye kujenga mnara. Tuchukue mfano wa watoto 20. Keki ya kiasi, shilingi 1,500. Soda kreti mbili, 1,800. Nyama kilo tatu, 1,950. Mchele kilo tano, 850. Mafuta, viungo na makaa, 500. Viti vya kukodi, 400. Mabaluni na kofia za karatasi, 400. Nguo mpya ya mtoto, 1,200. Jumla ni shilingi 8,600. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo kila mmoja na aweke zile za mtaa wake. Lakini mzazi apataye shilingi 600 kwa siku ya kibarua amekwisha kutoa jasho la siku 14 na zaidi, kabla hajalipa kodi, kabla hajanunua unga.

Hiyo ni gharama inayoonekana. Iko na nyingine. Pesa zikipungua, simu iko mkononi, na mkopo wa simu huja kwa dakika moja. Kuulipa ndiko kunakochukua miezi. Mwingine hutumia zamu yake ya chama, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya karo. Halafu yuko jirani ambaye mtoto wake amealikwa, naye hana zawadi ya kumpa. Siku ile humfungia mtoto ndani, akisingizia kwamba ana homa. Na yule aliyefika hurudi kwake akijua kwamba sasa ana deni: lazima naye aandae, na yake isionekane ndogo kuliko ile aliyoiona.

Je, mzigo huu umetoka wapi? Kila alfajiri akina mama wengi wa Kawangware hutembea kwa miguu kwenda Lavington kufua na kupika katika nyumba za watu, na wa Kibera huenda Lang'ata na Kilimani. Huko huona jinsi matajiri wanavyowafanyia watoto wao: keki za ghorofa, nyumba za hewa za kurukia, watu wa kuwachekesha watoto. Jioni mama hurudi kwake, na mwanawe anamngoja. Ni nani atakayemlaumu akitamani mwanawe naye aonje? Tena siku hizi picha hupigwa kwa simu na kutumwa kila mahali, na sherehe ambayo zamani ingeonekana na ploti moja sasa huonekana na ukoo mzima.

Hatusemi keki ni dhambi. Desturi ya keki yenye mishumaa ilitufikia kutoka Ulaya, na huko Ujerumani mwaka 1746 hata Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian, alifanyiwa sherehe yenye keki na mishumaa kwa hesabu ya miaka yake. Lakini tukumbuke kwamba wazee wetu nao hawakuisahau siku ya mtoto. Waliiweka katika jina lake. Otieno alizaliwa usiku, Achieng' jua likiwaka, Okoth mvua ikinyesha. Wafula naye ni wa mvua, Wekesa ni wa mavuno. Kwa Wakamba, Mutuku ni wa usiku na Mumbua ni wa mvua. Kila mtoto alipoitwa, wakati wa kuja kwake ulitajwa, wala hakuna aliyefungiwa mlango kwa sababu hiyo.

Sasa tazameni Marko 6. Herode alifanya karamu siku ya kuzaliwa kwake, akawaalika wakubwa wa Galilaya. Tunajua jinsi ilivyokwisha: kichwa cha Yohana Mbatizaji kililetwa katika sinia. Marko anatueleza kwamba Herode mwenyewe alihuzunika, lakini alikuwa amekwisha kuapa, na wageni walikuwa wakimtazama. Aliogopa macho yao. Mama wa Kawangware hafanani na Herode hata kidogo. Lakini kamba hiyo ya macho ya wageni ndiyo inayotufunga hata sisi, mpaka tunatoa tusivyo navyo.

Siku ile nje ya mlango tulimwuliza yule mama, "Mama, kwa nini hukutuambia?" Akasema, "Pasta, huyu mtoto alipokuwa na miaka miwili alilazwa, na usiku mmoja nilijua ninampoteza. Nilitaka watu waone kwamba yuko hai." Ndipo tulipoelewa kwamba alikuwa akitafuta njia ya kumshukuru Mungu. Alitaka madhabahu akauziwa keki, na sisi wachungaji hatukuwa tumemwonyesha njia nyingine. Kosa hilo ni letu.

Njia nyingine iko. Someni habari za Hana katika 1 Samweli 2. Kila mwaka alimshonea Samweli joho dogo, akampelekea huko hekaluni. Fikirini jambo hilo. Mama aliye mbali na mwanawe alikaa akikadiria: mwaka huu mikono yake imefika wapi, mabega yake yamepanuka kiasi gani? Zawadi ile haikufanywa kwa ajili ya macho ya mtu. Ilimwambia mtoto: nakukumbuka, najua umekua.

Kwa hiyo tunawashauri hivi. Kwanza, mlete mtoto kanisani Jumapili iliyo karibu na siku yake, aombewe mbele ya watu wote pamoja na wenzake wa mwezi ule, na sadaka ya shukrani iwe kadiri ya uwezo, hata kama ni shilingi tano. Pili, mkumbushe pia siku ya ubatizo wake. Mtafutie cheti, msimulie ni nani aliyemsimamia. Tatu, ukitaka kupika, pika kile upikacho siku zote, uzidishe kidogo, uwaite watoto wa ploti na kusema wazi kwamba zawadi hazitakiwi. Bwana wetu, katika Luka 14 hiyo hiyo, alitaka tuwaalike wasioweza kutulipa. Basi huyo aliyefungiwa ndani kwa homa ya uongo ndiye wa kuitwa kwanza. Nne, sisi wachungaji tukialikwa, tuulize juu ya kodi kabla ya kuibariki keki.

Mama yule alifunguliwa mlango. Akina mama wa kanisa walimchangia sehemu, na sehemu alilipa mwenyewe kidogo kidogo. Mwaka uliofuata mtoto alisimama mbele ya kanisa, amevaa sweta ambayo mama yake aliifuma jioni baada ya kazi. Mikono ilikuwa mirefu kidogo. Mama alisema ameacha nafasi ya kukua.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba na kujua siku zetu zote, tunakushukuru kwa watoto uliotupa. Utuokoe na hofu ya macho ya watu. Uwakumbuke leo wote ambao milango yao imefungwa, na utufundishe kufurahi pasipo deni. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.