Picha za mwanafunzi si mali ya shule

Siri ya mtungi, walinena wahenga, aijuaye ni kata. Katika zama hizi za simu za kisasa, mtungi wa siri za mtoto wa shule umezungukwa na kata nyingi, na mojawapo imo mikononi mwetu sisi walimu.

Ni ada yetu kuwaonya wanafunzi juu ya hatari za mitandao. Twawaambia wasimfichulie mtu nywila zao, wala wasimsomee yeyote zile tarakimu 6 ambazo WhatsApp humtumia mwenye simu ili kuthibitisha kuwa ni yeye. Hizo ni nasaha za busara. Lakini je, ni nani amwonyaye mwalimu?

Siku ya michezo au ya kutuza washindi, picha za watoto hupigwa na kuenezwa mitandaoni papo hapo, zikiwa na jina, darasa na sare iliyo na nembo ya shule. Matokeo ya mtihani yatokapo, orodha nzima hupigwa picha na kuzungushwa katika makundi ya wazazi, ya aliyefaulu na ya aliyeanguka. Mzazi hakuulizwa, na mtoto ndiye aliyesahauliwa kabisa.

Jambo hili si la adabu tu, bali ni la sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na hakikusema kwamba mtoto hamo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yataka mzazi au mlezi atoe idhini kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na matumizi yenyewe yawe kwa maslahi ya mtoto. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Wapo watakaosema kuwa picha huitangaza shule na kumpa mtoto fahari. Sikatai. Hata hivyo, fahari ya leo yaweza kuwa fedheha ya kesho, kwani picha ikishatoka hairudi. Aliyepata alama duni akiwa na umri wa miaka 14 hastahili kufuatwa na alama hizo hadi ukubwani.

Tena, faragha ni ngao ya usalama. Tangu M-Pesa ianze humu nchini mwaka 2007, simu ya mzazi imekuwa pia mkoba wake. Mlaghai aliye na jina la mtoto, shule yake na nambari ya mzazi hana haja ya kuvunja mlango. Hupiga simu akajifanya mwalimu, akadai kuwa mtoto ameugua ghafla na pesa za matibabu zatakikana mara moja. Mzazi gani atakayesita, ilhali mpigaji amelitaja hata darasa la mwanawe? Habari hizo huenda mlaghai alizipata kwetu, katika orodha iliyorushwa kundini bila kufikiri.

Nionavyo, dawa si ghali. Mtoto anaposajiliwa, mzazi na apewe fomu ya kukubali au kukataa picha, na atakayekataa asinuniwe. Matokeo apewe kila mmoja yake. Daftari lenye nambari za wazazi lisipigwe picha, na simu ya mwalimu iliyo na habari za darasa ifungwe kwa nambari ya siri. Mzazi naye, akipigiwa simu ya dharura, akate kwanza kisha apige nambari ya shule anayoijua.

Nanyi wanafunzi, mwombeni mwenzenu ruhusa kabla ya kumpiga picha, na akikataa muiweke simu mfukoni. Lakini somo hilo halitawaingia iwapo walimu wenu hawalifuati. Mtoto ajifunzaye shuleni kwamba sura yake haichukuliwi bila kuulizwa atajua kumkataa mgeni aiombaye usiku kwenye simu. Yule asiyewahi kuulizwa atajuaje kwamba ana haki ya kukataa?