Mjamzito mwenye endometriosisi: usisubiri kuona damu

Msikilizaji, mama ana mimba ya miezi minane. Ghafla tumbo linamkata, jasho la baridi linamtoka, akisimama anasikia kizunguzungu. Wanaangalia, damu haitoki. Bibi anasema ni chango, apumzike kidogo. Kumbe anavuja damu kwa ndani.

Endometriosisi ni nyama zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota nje yake, kwa mfano kwenye ovari, mirija au utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inawapata wanawake 10 hivi kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake ni maumivu makali ya hedhi, maumivu wakati wa tendo la ndoa na kuchelewa kushika mimba.

Wengi wakishika mimba hujifungua salama. Lakini kwa wachache sana, nyama hizo hudhoofisha mishipa ya damu iliyo karibu na mji wa mimba. Mimba ikikua, mishipa hutanuka na kuvutika. Mmoja ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Mama huishiwa damu na mtoto hukosa hewa. Mara chache zaidi, utumbo hutoboka. Pia kondo la nyuma linaweza kukaa chini na kuziba njia. Hapo damu hutoka ukeni, mara nyingi bila maumivu.

Dawa za kienyeji au vidonge vya maumivu haviwezi kuzuia damu hiyo. Mama anahitaji kuongezewa damu na kufanyiwa upasuaji wa haraka.

Kwa hiyo, mama, siku ya kwanza ya kliniki mweleze muuguzi historia yako ya hedhi, aiandike kwenye kadi. Baba, weka akiba ya nauli na mjue mapema nani anaweza kuchangia damu.

Tumbo likiuma ghafla na kwa nguvu, mama akizimia, au mtoto akiacha kucheza, pigeni 115. Ni namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito. Kutoka Igowole hadi hospitali ya Mafinga ni safari, na mvua ikinyesha ni ndefu zaidi. Saa mliyokaa mkingoja damu ionekane hairudi.